Mashine ya Kukata Majani: Pima Uwanja Kabla ya Kuuliza Bei

Leo kipindi chetu ni cha ndugu zetu wenye viwanja na vishamba pembezoni mwa Dar es Salaam. Tunasema nanyi wa Bunju, Boko, Mabwepande na Wazo upande wa Kinondoni, na ninyi wa Mbagala, Chamazi, Toangoma na Kijichi upande wa Temeke. Wa Goba na Kibada nao wasizime redio. Tangu mwaka 2016 Goba imo katika Wilaya ya Ubungo na Kibada katika Wilaya ya Kigamboni, lakini kilichohama ni mipaka, majani yako palepale.

Masika yakinyesha, kuanzia Machi hadi Mei, kazi ya kufyeka haina mwisho. Unafyeka leo, baada ya wiki mbili mgeni akija anadhani kiwanja hakina mwenyewe. Hapo ndipo mtu anapoanza kuwaza mashine. Na mashine inayovuta macho zaidi ni ile kubwa ya kukalia, isiyokuwa na usukani, bali ina mikono miwili ya chuma ambayo dereva huishika mkono huu na huu. Hiyo hugeuka palepale iliposimama, kama pia. Mwenye kiinua mgongo chake au aliyepata zamu yake katika kikundi cha kuweka na kukopa akiiona, moyo unamwenda mbio. Je, ainunue?

Jibu letu ni hili: mashine huchaguliwa na uwanja. Anayechagua kwa macho atalipa mara mbili.

Kwanza tuitazame mashine yenyewe. Kila gurudumu la nyuma linaendeshwa peke yake. Ukisukuma mikono yote miwili mbele, mashine inakwenda mbele. Ukisukuma mmoja mbele na kuvuta mwingine nyuma, gurudumu moja linakwenda mbele na la pili linarudi nyuma, kwa hiyo mashine inazunguka mahali pamoja. Magurudumu ya mbele hayaongozi kitu, yanafuata tu, kama yale ya kiti cha ofisini. Faida yake ni kuzunguka miti na kona bila kupoteza muda. Visu viko chini ya tumbo la mashine, na upana wa mkato huwa mita moja au zaidi.

Sasa tufanye hesabu. Mashine inayokata upana wa mita 1, ikienda mwendo wa kilomita 6 kwa saa, inapita juu ya mita za mraba 6,000 kwa saa moja. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,000, yaani hatua 70 kwa 70 kama tulivyozoea kupima. Kwa hiyo ekari nzima inakwisha chini ya saa moja. Lakini ndugu yangu, kiwanja chako ni kiasi gani? Kiwanja cha mita 20 kwa 20 ni mita za mraba 400. Ondoa nyumba, ondoa banda, choo, kisima na migomba. Yatabaki majani ya dakika tatu! Mashine ya mamilioni ya shilingi itafanya kazi dakika tatu, kisha itakaa wiki mbili ikila vumbi na kuomba petroli mpya, maana petroli iliyolala miezi kwenye tangi huharibika na kuziba kabureta.

Basi, kabla ya kwenda dukani, chukua kamba na daftari. Pima majani tu, usipime kiwanja chote. Yakiwa chini ya robo ekari, mashine ya kukalia si yako. Yakiwa ekari moja na zaidi, tambarare na wazi, hapo mazungumzo yanaweza kuanza. Uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68 unakaribia ekari moja na robo tatu. Shule, kanisa, msikiti au hoteli yenye uwanja kama huo ina sababu ya kuifikiria.

Jambo la pili ni mteremko. Watengenezaji wengi wanaonya kwamba mashine hii isipelekwe kwenye mteremko unaozidi nyuzi 15, maana magurudumu ya nyuma yakiteleza, dereva hana namna nyingine ya kuiongoza, na inaweza kumpindukia. Kupima ni rahisi. Twaa ubao mnyoofu wa mita 2. Ncha moja iguse ardhi upande wa juu wa mteremko, na ubao wenyewe ulale sawa kama maji. Kama ncha ya pili iko juu ya ardhi kwa nusu mita au zaidi, hapo si mahali pa mashine ya kukalia. Wenye viwanja vya vilimani wanajua tunasema nini. Tena mahali kama hapo msifyeke mpaka udongo uonekane. Acheni majani yashike udongo, ama sivyo mvua itaupeleka bondeni kwa jirani.

Jambo la tatu ni kilichomo ndani ya majani. Upande wa Kunduchi, Boko na Wazo kuna mawe ya chokaa na matumbawe. Kisu kinachozunguka kwa kasi kikigonga jiwe, jiwe hurushwa kama risasi. Upande wa Mbagala na Chamazi mchanga ni mwingi. Mchanga hulewesha visu upesi, na vumbi lake huziba chujio la hewa. Na kila upande kuna visiki, nondo, vipande vya bati na chupa zilizobaki baada ya ujenzi. Pita kwa miguu kwanza, okota, ndipo uwashe.

Jambo la nne ni kubwa kwa mfugaji. Majani ya uwani ni uchafu au ni chakula? Ng'ombe wa maziwa wa ndani mwenye uzito wa kilo 400 anahitaji kama kilo 40 za majani mabichi kwa siku. Kwa hiyo usifyeke na kuchoma moto kisha ukanunue majani ya kuletwa kwa mkokoteni. Lakini tahadhari! Mashine ya visu vya kuzunguka hukatakata kila kitu pamoja. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 1 Juni 2019, ila vipande vya zamani bado vimo ardhini. Ng'ombe akimeza plastiki, inajikusanya tumboni mpaka anakonda na kufa. Akimeza kipande cha waya, kinaweza kutoboa tumbo na kufika moyoni. Tena majani yaliyokatwa vidogo na kurundikwa hupata joto na kuchacha, nayo ni hatari kwa mnyama. Majani ya ng'ombe kata kwa mundu au panga, ukiyaona kwa macho yako. Yanayokatwa na mashine yatandaze kwenye migomba na minazi, yatahifadhi unyevu.

Haya, tuchague. Kwa majani ya chini ya mita za mraba 200, kwanja zuri lililonolewa linatosha. Linahitaji tupa na mgongo tu. Kwa robo au nusu ekari yenye visiki, miti na mitaro, chukua mashine ya kubeba begani, yenye mpini mrefu na kisu au uzi wa nailoni mwishoni. Hiyo hufika mahali ambapo magurudumu hayafiki. Kwa uwanja wa ukoka ulio sawa, unaotaka upendeze, ile ya kusukuma kwa mikono yenye magurudumu manne inafaa. Usikate ukoka zaidi ya theluthi ya urefu wake kwa mara moja, hasa kwenye mchanga wetu, maana jua litaunguza mizizi na ndago zitachukua nafasi.

Mashine nyingi za begani huchanganyiwa oili ndani ya petroli. Soma kitabu chake. Kikisema sehemu 1 kwa 50, basi ni mililita 20 za oili kwa kila lita 1 ya petroli. Kikisema 1 kwa 25, ni mililita 40. Ukitia petroli tupu, injini itakwama siku hiyohiyo, na fundi hatakuwa na dawa isipokuwa kubadilisha pistoni.

Sasa hesabu ya fedha. Tuseme, kwa mfano tu, mashine ni shilingi 600,000 na itadumu miaka 5. Hiyo ni shilingi 120,000 kwa mwaka, bado petroli na matengenezo. Kama kijana wa mtaani anafyeka kwa shilingi 15,000, na unamwita mara 8 kwa mwaka, ni hiyohiyo 120,000. Weka bei za kwako, uone. Majirani wanne wakinunua moja kwa pamoja, hesabu inageuka kabisa. Lakini andikeni nani anaitunza, nani anatia mafuta, na ikiharibika mikononi mwa mtu inakuwaje. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwisho, usalama. Vaa buti, suruali ndefu na miwani ya kukinga macho. Watoto, kuku na wapita njia wakae mita 15 kutoka ulipo. Majani yakinasa kwenye visu, zima injini, ngoja visu visimame, vua waya wa plagi, ndipo utie mkono. Usitie petroli injini ikiwa ya moto. Na duka likikuuzia, uliza kabla ya kulipa: visu, plagi na chujio vya mashine hii vinapatikana wapi hapa mjini? Kama muuzaji anababaika, funga pochi yako.

Ndugu wasikilizaji, pimeni majani, pimeni mteremko, okoteni mawe, mfikirie ng'ombe, kisha ndipo muulize bei. Mwenye shaka amwone bwana shamba au bibi shamba wa kata yake.