Daftari la Mawasiliano kwa Wenye Redio za Setilaiti



Mtu akionekana uwanjani ameinua antena mkononi, akiigeuza polepole kuelekea angani, huenda anazungumza na mwenzake wa nchi ya mbali kupitia setilaiti. Hiyo ndiyo redio ya ridhaa. Nchini Kenya huendeshwa kwa leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, kwa mfano, hubeba redio ya namna hiyo. Hupokea sauti katika megahezi 145.990 na kuirudisha ardhini katika 437.800. Kikichomoza, mrushaji ana dakika kama kumi tu kabla hakijatua. Mkono mmoja umeshika antena, wa pili redio. Wa kushika kalamu haupo. Kwa hiyo wazoefu hurekodi sauti kwa simu, kisha huandika daftarini papo hapo, kabla ya kufungasha vyombo.

Kila mawasiliano yaandikwe hivi:

- tarehe na saa;
- alama ya wito ya mwenzake (nyingi za Kenya huanza na 5Z4);
- jina la setilaiti;
- mraba wa ramani ambamo kila mmoja alisimama.

Makosa hutokea sana mahali pawili. Kwanza ni saa. Daftari hufuata saa ya dunia, UTC, iliyo nyuma ya saa ya Kenya kwa saa tatu. Saa saba unusu usiku wa kuamkia Jumapili huandikwa 22:30, na tarehe hubaki ya Jumamosi.

Pili ni mraba. Jiji la Nairobi limo KI88. Huko Nanyuki ikweta ndiyo mpaka: kusini ni KI89, kaskazini ni KJ80. Mwenye redio ya kubeba akivuka ikweta, hata kwa hatua chache, abadilishe alama.

Mawasiliano huthibitishwa pale tu madaftari ya pande zote mbili yanapolingana. Katika daftari la mtandaoni la Logbook of The World, saa zikipishana kwa zaidi ya dakika 30 hayalingani. Hasara hiyo humfika pia mwenzake aliyeandika sawasawa, na pengine aliungoja mraba ule kwa miaka.

Basi kabla ya kutoka nyumbani, saa ya simu iwekwe UTC na mraba uandikwe juu ya ukurasa.