Kujihoji Nafsi na Kuulizana



Leo twapenda kusema nanyi habari ya jambo ambalo Wakristo wote hulisifu kwa kinywa, lakini wachache hulitenda: mtu kujihoji nafsi yake, kisha kumpa mwenzake ruhusa ya kumwuliza.

Kujihoji peke yetu ni kwema, lakini hakutoshi. Sababu yake ni hii: katika shauri hilo mshtakiwa na hakimu ni mtu mmoja, na hakimu wa namna hiyo ni mwepesi wa kusamehe. Tutoe mfano. Mtu mmoja hununua maharage katika vijiji vya Rungwe Mpya, upande wa Kasulu. Debe lake limegongwa kwa ndani hata likatuna, nalo hupokea zaidi ya haki. Jioni hupiga magoti, ajihoji: Je, leo nimelewa? Hapana. Nimetukana? Hapana. Basi hulala usingizi mzuri. Debe halikuulizwa, kwa kuwa mwenye kuuliza ndiye mwenye debe. Lakini kama angekuwa na ndugu wa kumwuliza, “Ndugu, debe lako ni sawa na madebe ya wengine?” usingizi ungempotea, na mjane aliyemwuzia maharage angepata haki yake.

Waliotangulia katika nchi zetu walilijua neno hili. Mwezi wa Septemba, 1929, watu wawili walikutana Kampala: Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini katika Rwanda. Walisoma Maandiko pamoja na kusali, Mwafrika na Mzungu, kila mmoja akikubali kwamba ana upungufu. Katika miaka iliyofuata Uamsho ulitokea Gahini, ukaenea Uganda na Burundi. Mwaka 1939 ulifika Katoke, upande wa Bukoba, penye chuo cha waalimu. Na Buha nayo haikuachwa nyuma. Ndugu wale walikutana katika vikundi, wakaungama waziwazi, wakarudisha mali walizoiba na kulipa madeni ya zamani. Jambo hili waliliita kutembea nuruni.

Tumwangalie Festo Kivengere wa Kigezi, aliyekuwa mwalimu, na baadaye askofu. Alipookoka mwaka 1941 alitambua kwamba alimchukia Mzungu mmoja. Hakuridhika kutubu chumbani mwake tu. Alipanda baisikeli, akasafiri maili 50 hivi, akamwendea mtu yule kumwomba msamaha. Toba yake ilikuwa na miguu.

Walakini lazima tuseme pia ya kwamba dawa njema hudhuru ikinywewa vibaya. Penye kuungama mbele ya watu, wengine huweza kutafuta sifa, na wengine kuwalazimisha wenzao. Kwa hiyo twashauri mambo matatu.

Kwanza, kila mtu aungame lake, wala si la jirani. Anayesimama na kutaja dhambi ya mkewe au ya mwalimu wake hakuungama, amesengenya.

Pili, ungamo liwe na kipimo cha kosa. Uliyemkosea mmoja, mwendee huyo mmoja. Uliyekosea mbele ya kanisa zima, sema mbele ya kanisa. Wala mtu asitumie ungamo kumficha mdhulumiwa: aliyepigwa au kuibiwa ana haki yake katika baraza na serikali, hata kama mkosaji amelia machozi mengi.

Tatu, ungamo lifuatwe na malipo. Zakayo mtoza ushuru hakuishia kusikitika. Aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Mwenye debe naye alinyoshe debe lake, kisha awalipe aliowapunja.

Tena mkubwa asijitoe katika kuulizwa. Mtume Paulo, alipokusanya sadaka kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, alitaka watu wengine wateuliwe kuichukua pamoja naye, ili asiwepo wa kumlaumu. Ikiwa mtume alifanya hivyo, mzee wa kanisa ataonaje haya sadaka ikihesabiwa na watu wawili na kuandikwa? Na mwalimu akiulizwa kwa nini watoto wa shule hulima shamba lake saa za masomo, asiseme amevunjiwa heshima. Aliyemwuliza amemtunzia heshima.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Basi chagueni mwenzi mmoja au wawili, wenye kutunza siri na wasiojipendekeza. Kutaneni kila juma, mkaulizane: Nani ananidai? Nani sijapatana naye? Mkono wangu ulipima sawasawa? Nanyi mkijibu, jibuni yaliyo kweli, kisha mwinuke mkayatengeneze kabla ya juma jingine kuanza.