Bisi ya Montréal-Nord na parseli zetu

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanamemba, Baraka. Tunayaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika.



Komite imeniomba niwaambie kidogo juu ya mji wa Montréal, kule Kanada. Sababu ziko mbili. Ya kwanza, karibu kila familia iliyo hapa iko na mtu Kanada ao Amerika. Tulipokuwa kambini, wengine majina yao yalitoka kwa ndege, wengine tukapita Kigoma na kuvuka ziwa kurudi kwetu. Tumbo ni moja, njia zikaachana. Sababu ya pili munaijua: tutachagua hivi karibuni mahali pa kununua parseli za familia zinazorudi, na maneno yamekwisha kuwa mengi. Kuna wanaotaka karibu na barabara, kuna wanaotaka kule mbali juu bei iko chini.

Mimi nilikaa Montréal miaka miwili kwa dada yangu nikisoma, kisha nikarudi kufanya kazi ya shirika hapa Fizi. Nitawaeleza juu ya bisi. Musicheke. Mukisikia hadi mwisho, mutaona bisi inahusu nini na parseli.

Montréal ni mji uliokaa juu ya kisiwa. Upande mmoja uko mto mkubwa Saint-Laurent, upande mwingine uko mto mdogo zaidi, Rivière des Prairies. Mji umegawanywa katika arondisma 19, ambazo ni sawa komini, na kila moja iko na meya wake. Dada yangu anakaa katika ile inayoitwa Montréal-Nord, pembeni kabisa ya kisiwa, kwenye Rivière des Prairies. Zamani ulikuwa mji wa peke yake, tangu 1915, mpaka 2002 ulipounganishwa na Montréal. Watu wake wanapita 80,000. Wahaiti ni wengi sana, Waalgeria na Wamoroko wako, watu wa Amerika ya Kusini wako, na sisi Wakongomani tuko. Ukipanda bisi asubuhi utasikia krioli upande huu, kiarabu upande ule, na nyuma kabisa mama mmoja anaongea lingala katika simu.

Metro, ile treni inayopita chini ya udongo, Montréal iko nayo tangu 1966. Iko na vituo 68. Sasa musikie vizuri: katika vituo hivyo vyote 68, hakuna hata kimoja ndani ya Montréal-Nord. Watu zaidi ya 80,000, kituo hakuna. Kwa hiyo kule mambo yote ni bisi.

Niwachoree ramani kwa maneno. Kuna bisi zinazokwenda kando kando ya mto, kuelekea metro inayoitwa Henri-Bourassa, ambayo iko katika arondisma ya jirani: namba 48, namba 49, namba 69. Kuna zingine zinazokata kisiwa, kuelekea upande wa Saint-Laurent: namba 67 inafuata bulevari Saint-Michel, namba 139 inafuata bulevari Pie-IX, 32 inafuata Lacordaire, 33 inafuata Langelier. Namba zenyewe zinasema kitu. Zinazoanza na 3 na kuwa na tarakimu tatu, sawa 360, ni za usiku. Zinazoanza na 4 ni za haraka, hazisimami kila mahali. Mtu akikuambia namba ya bisi yake, umejua anakaa wapi, na mara nyingi umejua analipa nyumba kiasi gani.

Juu ya nini? Juu ndani ya Montréal-Nord yenyewe kartie hazifanani. Ukikaa upande wa Saint-Michel na Pie-IX, ao karibu na barabara ya Charleroi yenye maduka, bisi nyingi zinapita. Lakini kuna kona inaitwa Nord-Est, kando ya bulevari Rolland. Kule ni majengo ya kupangisha, yamesongamana, na wageni wengi wanaanzia pale. Njo pale dada yangu alipata nyumba, kwa sababu bei ilikuwa inawezekana. Ndiyo kusema, mwenye mfuko mwepesi njo anakaa mbali zaidi na metro.

Sasa tuhesabu. Dada yangu anafanya kazi ya kutunza wazee na wagonjwa katika nyumba ya wazee, upande mwingine wa kisiwa. Kazi inaanza 7h00. Metro inafunguliwa 5h30. Anatoka nyumbani kungali giza, anasimama kwenye kituo cha bisi, na wakati wa baridi inaweza kufika digrii 20 chini ya sifuri. Anapanda 49 mpaka Henri-Bourassa. Anashuka chini, anachukua metro ya rangi ya machungwa mpaka Jean-Talon. Pale anabadilisha, anachukua ya bluu mpaka mwisho, Snowdon. Kisha bisi ingine tena. Saa moja na nusu, kama theluji haikuanguka sana. Jioni, vile vile. Mwenzake wa kazi anayekaa karibu na metro anatumia nusu saa. Tofauti ni saa moja kwenda na saa moja kurudi: saa mbili kwa siku, saa 10 kwa siku tano. Hizo ni zaidi ya siku moja nzima ya kazi kila juma, na hakuna mtu anayemlipa.

Nasema hivi pia kwa ajili ya wale wanaonung'unika kwamba ndugu yao wa Kanada hashiki simu. Mama mmoja aliniambia, «mtoto wangu amekuwa mzungu, hanijibu». Mama yangu, wakati wa baridi, ukipiga 7h00 ya asubuhi hapa, kule ni usiku wa manane. Kama anafanya kazi ya jioni, saa ile angali ndani ya bisi na kichwa chake kimelala juu ya kioo. Tusimhukumu haraka. Hapo hatujaongea deni, loyer, na karata ya bisi yenyewe, ambayo inalipwa kila mwezi.

Katika 2020, Korona ilipoingia Montréal, Montréal-Nord ilikuwa kati ya arondisma zilizopigwa zaidi. Watu wake wengi walikuwa wale wale wanaotunza wazee na wagonjwa, hawawezi kufanya kazi wakikaa nyumbani. Walikuwa katika nyumba ndogo zenye watu wengi, na asubuhi walipaswa kupanda bisi pamoja na wenzao. Ugonjwa haukuuliza nani ni mwizi na nani ni mtu wa Mungu. Ulifuata njia ile watu waliyokuwa wanapita.

Sitaki mufikiri ninawasifia umaskini wa Kanada ao ninawatisha. Kuna mambo mazuri ya kujifunza. Bisi ya kule inaondoka kwa saa yake hata kama iko na abiria mmoja. Hapa kwetu gari linangojea lijae, na wewe mwenye mgonjwa unangojea nalo. Kule tikiti moja inakupitisha bisi na metro katika safari moja kwa muda wa dakika 120. Tangu Julai 2023, wakaaji wa mji wenye miaka 65 na zaidi wanapanda bure. Na usiku, mwanamke aliye peke yake anaweza kumwomba shofere amshushe kati ya vituo viwili, karibu na mlango wake. Hicho ni kitu kidogo, hakihitaji mashini wala barabara mpya. Ni watu tu walikaa wakafikiri ni nani anayeogopa njiani.

Sasa nifike kwenye kisa cha Pie-IX, kwa sababu kinatuhusu sana.

Mwaka wa 1990, bulevari Pie-IX iliwekewa njia ya bisi peke yake, katikati ya barabara. Bisi zikaenda haraka. Lakini watembea kwa miguu waligongwa na wakakufa, na katika 2002 ikafungwa. Serikali ikasema itatengeneza ingine iliyo salama. Watu wakangoja. Miaka mitano, miaka kumi. Bisi 139, moja kati ya zilizokuwa na abiria wengi zaidi mjini, ikaendelea kukwama kati ya magari. Mtoto aliyezaliwa wakati ilipofungwa alimaliza shule ya sekondari kabla haijarudi. Kazi ilianza kweli katika 2018, na bisi ya kwanza ya njia mpya, namba 439, ilipita katika Novemba 2022. Ni kilomita 13 hivi, kutoka Laval ng'ambo ya mto, kupita Montréal-Nord, mpaka karibu na uwanja wa Olimpiki. Vituo viko katikati ya barabara, na taa zinasimamisha magari ili mtu avuke.

Miaka ishirini! Na ni Kanada, nchi yenye pesa. Na hata sasa, yule wa Nord-Est lazima apande bisi ingine kwanza ili afike Pie-IX. Metro ya bluu nayo inarefushwa kwa vituo vitano kuelekea Anjou, kazi inaendelea. Haitaingia Montréal-Nord. Lakini pale itakapokutana na Pie-IX, kituo kimepewa jina Vertières, jina la vita vya 1803 ambamo Wahaiti walishinda jeshi la Ufaransa. Wahaiti wa kule walifurahi, na mimi nilifurahi pamoja nao. Ila jina zuri halimfikishi mtu kazini. Nyumba zikiisha kujengwa mbali, kuleta njia nyuma yake ni kazi ya miaka.

Wazee wangu, hapa njo ninarudi kwenye parseli zetu.

Nimesikia hoja ya wale wanaotaka kule mbali. Kwa pesa ile ile tutapata parseli nyingi zaidi, na familia nyingi zaidi zitapata pa kulala. Hoja hiyo si ya kijinga, na wanaoisema wanawapenda wanaorudi. Lakini bei ya parseli tunailipa mara moja. Bei ya pikipiki inalipwa kila siku, na anayeilipa si mutuelle, ni yule mama mwenye kwenda soko. Tukiwaweka watu pahali ambapo kufika hospitali usiku kunagharimu kuliko chakula cha juma, tutakuwa tumewapa udongo na tumewanyang'anya mji. Na tusijidanganye kwamba barabara itakuja yenyewe. Kama Montréal, yenye bisi na metro na meya wa kila komini, ilihitaji miaka ishirini kurudisha njia moja, sisi tunangojea nini na nani?

Kwa hiyo ninaomba, kabla hatujapiga kura, tuchague watu watano waende kwenye kila mahali panapopendekezwa. Wawili kati yao wawe wamama. Wasiende na gari ya shirika, waende kwa miguu na kwa pikipiki, na waende siku ya mvua. Warudi na majibu ya maswali matatu.

La kwanza: kutoka pale mpaka barabara ambapo gari linapita, ni dakika ngapi kwa mtu mwenye mzigo kichwani?

La pili: pikipiki mpaka hospitali inadai kiasi gani mchana, na kiasi gani usiku? Na usiku, wenye pikipiki wanakubali kwenda?

La tatu: shule iko wapi, na msichana wa miaka 12 anapita njia gani kufika? Kwa sababu njia ikiwa ndefu, yeye njo wa kwanza kuacha shule.

Majibu hayo tuyaandike pembeni ya bei, katika karatasi moja, ili kila mwanamemba aone bei mbili: ya parseli, na ya kuishi ndani yake. Kama baada ya hapo wengi bado wanataka kule mbali, sawa, tutakwenda pamoja. Lakini basi tuweke pia katika kasa pesa ya pikipiki ya wagonjwa tangu siku ya kwanza, na barua ya kuomba barabara itoke siku ile ile tunayonunua.

Na ninyi mulio na ndugu kule, mukiongea nao siku ya mungu, muwaulize wanapanda bisi namba gani na wanatoka nyumbani saa ngapi. Muwaache waeleze. Kuna mambo mengi ya maisha yao ambayo hawawezi kuyasema kwa mdomo wao, lakini njia yao ya asubuhi wataisema.

Sasa ninangojea maulizo, na wale wasiokubali waanze.