Kompyuta Inayoamka na Kitabu Wazi
Hotuba ya Kamati ya Elimu katika harambee ya mwaka



Mwaka jana mlitoa fedha tukanunua kompyuta nne ndogo kwa ajili ya maktaba ya sekondari yetu. Leo tunatoa hesabu ya kazi, na tunaanza na aibu: kwa miezi mitano ya kwanza kompyuta zile hazikumsaidia mtu.

Mashine zenyewe ni nzuri. Zinaitwa Raspberry Pi, aina iliyoanza kuuzwa Uingereza mwezi Februari 2012 kwa nia ya kuwafundisha vijana kompyuta. Inatosha kiganjani, inatumia umeme wa volti 5 tu, na mfumo wake wa Linux haulipiwi. Kila kitu kimo katika kadi ndogo kama ile ya simu. Humo tuliweka Wikipedia ya Kiswahili, inayosomwa kwa programu ya Kiwix bila bando wala intaneti.

Kosa letu lilikuwa moja. Kompyuta ikiwashwa ilidai jina na nywila, kisha ikaonyesha kioo kitupu. Mwanafunzi alipaswa kujua afungue nini na aandike anwani gani. Aliyejua ni mwalimu mmoja. Alipohamishwa, maktaba ikafungwa kwa kufuli.

Likizo ya Desemba vijana wetu wawili wanaosoma chuo walikuja, wakakaa siku tatu. Hawakununua hata waya. Kwanza, waliielekeza mashine iingie yenyewe bila kuuliza nywila, kwa akaunti ya mwanafunzi isiyoweza kuharibu mipangilio. Pili, katika faili la maagizo ya kuanzia waliongeza mstari mmoja: kompyuta ikishaamka, fungua kivinjari cha Chromium, kijaze kioo chote, kionyeshe ukurasa wa maktaba. Mtindo huo wenyewe wanauita kioski, na jina limefaa: mteja anahudumiwa dirishani, haingii dukani kupekua.

Jaribio la kwanza lilishindwa. Kivinjari kilifunguka kabla Kiwix haijawa tayari, kikaonyesha kosa; mgeni alibisha hodi mwenyeji angali amelala. Wakaongeza agizo la kusubiri mpaka maktaba iitike.

Likabaki la umeme, ambalo ninyi wote mnalijua. Umeme ukikatika ghafla wakati kadi inaandikwa, kadi inaweza kuharibika. Wakaifunga kadi isiandikwe kabisa. Sasa kila ikiwashwa, mashine inarudi ilivyokuwa siku ya kwanza, hata kama jana mtoto aliichezea. Hasara yake ni kwamba kuongeza vitabu kunahitaji kuifungua kadi kwanza. Hatua zote zimeandikwa kwa Kiswahili katika daftari lililo ofisini kwa mkuu wa shule, ili elimu hii isiondoke tena na mtu mmoja.

Ndugu zetu, leo anayewahi maktaba anabonyeza swichi ya ukutani. Kabla hajamaliza kufuta vumbi mezani, ukurasa uko wazi. Ikikwama, wanaizima, wanahesabu hadi kumi, wanaiwasha. Tulimkuta binti wa kidato cha kwanza akiwasomea wenzake habari za mzunguko wa damu, hakuna mwalimu chumbani, na hakuna aliyemwita fundi.

Tunaomba mambo matatu. La kwanza ni paneli ya sola na betri, maana umeme ukikatika mchana kutwa maktaba inalala. La pili ni kompyuta mbili za namna hiyohiyo kwa shule ya msingi, na kadi za akiba zilizokwisha kutayarishwa. La tatu halihitaji fedha: kijana yeyote aliyepo hapa aje siku moja, asome lile daftari, afuate hatua mwenyewe. Akikwama mahali, tutajua daftari lina upungufu.

Tumejifunza kwamba kununua kifaa ni nusu ya msaada. Nusu ya pili ni kukiweka mahali ambapo mtoto anakifikia bila kumngoja mtu mzima. Mlitupa nusu ya kwanza, na vijana wenu wakatimiza ya pili.

Mcheza kwao hutunzwa. Karibuni mezani kwa mweka hazina.