Gari la Jangwani: la Zamani au Jipya?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Garissa)



Tumeombwa tuseme habari ya magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne. Huenda mtu akauliza, watu wa reli wana nini na magari hayo? Jibu ni fupi. Reli haikufika Garissa, wala Wajir, wala Mandera. Mpango wa kuipitisha hapa kutoka Lamu ulizinduliwa mwaka 2012, lakini hadi leo halijalazwa taruma hata moja. Basi chakula, dawa, maji na barua za nchi hii vyategemea tairi, na tairi yategemea dereva, utingo na fundi.

Waajiri wengi husema ya kuwa gari jipya ndilo bora. Madereva wengi husema la zamani ndilo bora. Sisi twasema, kwanza tuyapime.

Tuanze na la zamani. Land Rover ilitokea Uingereza mwaka 1948. Chuma kilikuwa adimu baada ya vita, kwa hiyo bodi yake ikafanywa kwa alumini, nayo alumini haili kutu kama bati la chuma. Chini ilikuwa na chesisi nzito na springi za majani, na waya zake zilikuwa chache. Kisha mwaka 1984 ikaja Toyota Land Cruiser ya namba 70, na tangu mwaka 1990 ikapata injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 na silinda 6, ambayo pampu yake haiongozwi na kompyuta. Jani la springi likikatika njia ya Dadaab, fundi hulifunga kwa mti na mpira wa tairi, na gari likafika polepole. Hewa ikiingia katika dizeli, huitoa kwa spana na mkono. Hiyo ndiyo heshima ya gari la zamani: linatengenezeka pale lilipolala.

Lakini tusilisifu kupita kiasi. Mengi ya magari hayo hayana mifuko ya hewa ya kumkinga dereva, na nyuma watu hukaa juu ya mizigo bila mkanda. Likipinduka, anayekufa ni mfanya kazi.

Sasa jipya. Land Rover Defender ya zamani iliisha kutengenezwa Januari 2016. Mpya ilionyeshwa mwaka 2019, nayo hutengenezwa Slovakia. Haina chesisi ya peke yake, na kompyuta huzuia gurudumu linalozunguka bure mchangani. Ya zamani ilipewa kipimo cha kupita maji ya milimita 500. Mpya inaweza kufika milimita 900. Katika lami ya kwenda Thika, breki zake na mifuko yake ya hewa huokoa maisha. Haya ni mema, tusiyakatae.

Shida yake ni hii. Dizeli ya injini za siku hizi husukumwa kwa nguvu kubwa sana kupitia vitundu vidogo sana. Mafuta ya pipa yenye vumbi au maji huziharibu nozeli. Na kifaa kimoja kidogo cha waya kikifa, taa huwaka, injini hupunguza nguvu, na spana haina la kufanya. Yatakiwa kompyuta, nayo iko mbali. Watu wamekaa juani, maji ya kunywa yanakwisha, na usiku unakuja.

Tena kuna jambo ambalo hakuna gari linaloliweza. Novemba 2023, na tena Aprili 2024, Mto Tana ulifurika ukakata barabara upande wa Madogo. Watu wakavuka kwa mashua, na tarehe 28 Aprili 2024 mashua moja ikazama Kona Punda, roho zikapotea. Laga zetu nazo hujaa kwa saa moja tu. Maji ya mafuriko hayaulizi gari ni la mwaka gani.

Kwa hiyo, ndugu, gari la jangwani halipimwi siku linaponunuliwa. Hupimwa siku linapoharibika, na anayelipa siku hiyo ni aliyemo ndani. Basi tunataka haya:

1. Kabla ya kununua gari, dereva na fundi waulizwe.

2. Gari jipya lisiletwe bila kompyuta yake ya kupimia, chujio za akiba za dizeli, na mafunzo kwa fundi wa hapa.

3. Gari la zamani litiwe mikanda, na watu wasipandishwe juu ya mizigo.

4. Kila safari iwe na maji ya kutosha, spea, koleo, pampu ya tairi na njia ya kuita msaada.

5. Dereva akisema maji haya hayapitiki, neno lake liwe la mwisho, wala asipoteze kazi kwa ajili yake.

Mtu mmoja akisema hayo peke yake ataitwa mkaidi. Tukisema sote, yatakuwa mapatano. Basi yapelekeni katika matawi yenu, yajadiliwe, yaandikwe.