KWA NINI NDEGE NDOGO HUANGUKA

Twataka kuzungumza nanyi juu ya ndege; wala si wale walao mpunga, wanaofukuzwa na watoto kutoka madunguni, bali ndege za mitambo, na hasa zile ndogo zichukuazo mtu mmoja, au wawili, au wachache tu.

Ndege ya namna hiyo ikianguka, mmoja husema, ajali haina kinga. Wa pili husema, siku yao ilikuwa imefika. Wa tatu hunong'ona kwamba uko mkono wa mtu. Basi sisi hatubishani juu ya siku ya mtu. Jambo hilo twawaachia masheikhe na mapadre. Walakini mashua ikizama kati ya Nyamisati na Mafia, wazee hawatosheki na maneno hayo. Huuliza: Ilipakiwa shehena gani? Nani alishika usukani? Ubao gani ulikuwa umeoza? Je, nahodha aliziona dalili za upepo, naye akang'oa nanga vivyo hivyo? Maswali hayo ndiyo yanayopaswa kuulizwa juu ya ndege, nayo yakiulizwa vema hupata majibu.

Watu wa Kibiti na wa delta ya Rufiji hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mifano. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Wadachi, jina lake Königsberg, iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus huko Unguja, kisha ikajificha ndani ya mito ya delta, nyuma ya mikoko, mahali ambapo manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata kwa uchache wa maji. Ikawa hakuna njia ya kuiona ila kutoka juu. Waingereza wakamwajiri rubani mmoja asiye askari, H. D. Cutler, wakamleta kutoka Durban pamoja na ndege zake za Curtiss, ambazo tumbo lake lilikuwa kama mashua, zikaweza kushuka majini. Kituo chake kilikuwa kisiwa kidogo cha Nyororo, kusini ya Mafia.

Tazameni yaliyompata. Alipopaa mara ya kwanza, mwezi wa Novemba 1914, alipotea katika hali mbaya ya hewa, akalazimika kushuka karibu na kisiwa cha Okuza. Rejeta ya injini ikaharibika, ikabidi kuletwa rejeta ya motokaa ya Ford kutoka Mombasa ili ifungwe katika ndege! Siku chache baadaye aliiona manowari, lakini aliporudi tumbo la ndege lilivunjika. Tarehe 10 Desemba injini ilimshinda juu ya delta yenyewe, akashuka mtoni, akashikwa mateka. Wenzake waliingia mtoni kwa mashua chini ya risasi, wakaivuta ile ndege wakaitoa, lakini yeye hawakumpata.

Haya, hesabuni wenyewe. Katika muda wa majuma matatu mtu huyu mmoja alipatwa na hali mbaya ya hewa, kupotea njia, kuvunjika kwa chombo, na kushindwa kwa injini. Miaka zaidi ya mia moja imepita, na ndege zimebadilika mno. Lakini aliye na orodha ya ajali za ndege ndogo za siku zetu atawakuta maadui hao wote wanne bado wapo kazini.

Mwaka 1915 zikaja ndege nyingine za kuelea, za Sopwith, nazo zikaonyesha adui wa tano, ambaye watu wa pwani twamjua sana, yaani joto. Ndege hubebwa na hewa ipitayo juu na chini ya mabawa yake. Hewa ya baridi ni nzito, hubeba vema. Hewa ya joto ni nyepesi, hubeba vibaya, tena huinyima injini nguvu. Ndege zile zilizofaa katika bahari ya Uingereza zilikimbia juu ya maji ya Nyororo zisiweze kuinuka. Marubani wakapunguza petroli, wakaacha mabomu, wakamwacha hata mwenzao, na bado kazi ikawa ngumu. Gundi na mbao navyo vikaharibiwa na joto na unyevu. Za Short zilizofuata ziliweza kuinuka, lakini si juu sana, hata zikawa shabaha ya bunduki za askari waliokuwa chini.

Kisa hiki si cha vita tu. Kila mwaka mahali fulani duniani rubani hupakia watu na mizigo, akapaa wakati wa mchana wa jua kali kutoka uwanja mfupi, na miti ya mwisho wa uwanja ikamshika. Uwanja ukiwa juu sana, kama Nairobi iliyo zaidi ya futi 5,000 juu ya bahari, hewa imekwisha kuwa nyepesi hata kabla ya jua kuwaka. Kwa hiyo rubani mwenye akili hupima mizigo kwa ratili, hupiga hesabu ya joto, na mara nyingine humwambia abiria, hata awe mkubwa namna gani, kwamba sanduku lake litabaki. Sisi twamheshimu zaidi rubani huyo kuliko yule anayesifiwa kwa ushujaa.

Sasa twafika kwenye siku ya 11 Julai 1915. Manowari ndogo mbili, Severn na Mersey, zilikuwa zimeingia mtoni ili kuipiga Königsberg, nazo hazikuweza kuiona. Juu yao ilikuwapo ndege ya Henri Farman iliyotoka Mafia, rubani wake akiitwa Cull, na mwenzake Arnold akipeleka habari kwa simu isiyo na waya: risasi imepita, risasi imepungua, sogezeni. Mzinga wa Wadachi ukaipata ndege, injini ikafa.

Wengi hudhani kwamba injini ikifa ndege huanguka kama nazi. Sivyo. Ndege isiyo na injini huteleza chini polepole, kama mwewe asiyepiga mabawa. Ndege ndogo ya kawaida yaweza kwenda mbele karibu mara 8 au 9 ya kimo chake. Basi Cull aliielekeza ndege kwa utulivu kwenye mto, na njiani wakishuka Arnold aliendelea kuwaongoza wapiga mizinga. Walianguka majini karibu na Mersey. Arnold alitupwa nje. Cull alikuwa bado amefungwa mkanda wake, akazama pamoja na ndege, akajinasua kwa taabu kubwa. Wote wawili waliokolewa. Siku hiyo hiyo Wadachi waliizamisha wenyewe manowari yao iliyokwisha haribika.

Watu hawa waliokoka kwa sababu rubani hakuupoteza mwendo. Hapa ndipo penye kifo cha wengi. Bawa hubeba maadamu hewa yapita juu yake kwa kasi ya kutosha, tena pua isipoinuliwa kupita kiasi. Injini ikizimika mara baada ya kupaa, moyo humwambia rubani ageuke arudi uwanjani. Akigeuka kwa ghafula, huku mwendo ukipungua naye akivuta pua juu, bawa huacha kubeba, na ndege hupinduka ikatumbukia, wala hapana nafasi tena ya kuirekebisha. Walimu wa marubani hufundisha kwamba ni afadhali kushuka mbele, hata katika shamba la mihogo, kuliko kugeuka chini chini. Kuvunja magurudumu si neno.

Petroli nayo ina hila zake. Mara nyingi injini hufa si kwa ubovu wake, bali kwa kukosa petroli, kwa kuwa rubani amekisia badala ya kupima. Mara nyingine maji yamo ndani ya petroli. Pipa likikaa nusu tupu katika unyevu wa pwani, matone hufanyika ndani yake, nayo maji hushuka chini. Ndiyo sababu mnamwona rubani, kabla ya kupaa, akichota petroli kidogo kutoka chini ya tangi ndani ya chombo cha kioo na kuitazama juani. Hachezi, anatafuta maji. Tena, jambo la ajabu kwa sisi wa nchi ya joto, barafu yaweza kufanyika ndani ya kabureta ya injini hata siku ambayo mtu wa chini anatoka jasho, kwani petroli inapogeuka mvuke hupoza hewa sana. Beryl Markham, aliyekulia Njoro katika Kenya, aliivuka Atlantiki peke yake mwezi wa Septemba 1936. Yasemekana barafu iliziba matundu ya hewa ya tangi lake, injini ikafa, akaangukia kwenye kinamasi huko Nova Scotia, katika Kanada. Akatoka hai.

Juu ya mawingu tutasema neno zito zaidi. Mtu akiwa ndani ya wingu haoni chini wala juu, na sikio lake, ambalo ndani yake mna maji ya kumwonyesha kama amesimama wima, humdanganya. Mwaka 1954, katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, watu 20 wasiofundishwa kurusha ndege kwa kutazama saa za vipimo walijaribiwa kana kwamba wameingia mawinguni. Wote 20 waliushindwa usukani, na wastani wa muda wao ulikuwa sekunde 178. Hazitimii dakika tatu! Kwa hiyo rubani wa ndege ndogo akiliona wingu la masika limeufunika msitu mbele yake, akarudi alikotoka, abiria wasimcheke wala wasimhimize. Haraka ya abiria imewaua marubani wengi, wala haiandikwi juu ya kaburi.

Ndege wa manyoya nao hawakosi. Tarehe 10 Januari 1959 Michael Grzimek, aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti pamoja na baba yake Bernhard, aligongana na tai hewani, akafa. Kaburi lake liko ukingoni mwa Ngorongoro. Ajali yake ilipata kuelezwa, kwa sababu mabaki ya ndege yalichunguzwa. Lakini Denys Finch Hatton alipoanguka Voi tarehe 14 Mei 1931, mara baada ya kupaa, ndege yake iliteketea kwa moto, yeye na mtumishi wake Kamau wakafa, na sababu haikupata kujulikana hata leo.

Kwa ajili hiyo twataka kuwaomba ninyi mkaao karibu na viwanja. Uwanja wa majani waonekana kama malisho mazuri, lakini mbuzi mmoja akikatiza mbele ya ndege inayoshuka atamlazimisha rubani kuinua pua ghafula, nanyi mmekwisha kusikia jinsi bawa linavyoacha kubeba. Na ikiwa ndege imeanguka msituni au mpungani, waokoeni watu kwanza, mkijihadhari na petroli na moto, wala msivute sigara karibu. Pelekeni habari upesi kwa serikali ya kijiji na polisi. Kisha wekeni walinzi wawili, na mtu asichukue hata kipande cha bati cha kufanyia sufuria, wala waya, wala saa iliyovunjika, wala asisukume bawa lililokunjika. Wachunguzi wakija watataka kuona kila kitu mahali pake: mkono wa petroli ulikuwa umefunguliwa au umefungwa, panga la mbele limepindika namna gani, kamba za usukani zimekatika wapi.