Malezi na Mapenzi ya Ndoa



Sura ya Ar-Rum, aya ya 21, imetaja mapenzi na huruma baina ya mume na mke kuwa ni katika ishara za Mwenyezi Mungu. Huruma hiyo hufunzwa tangu utotoni. Mwaka 1954 na 1955 mtaalamu Mary Ainsworth aliwachunguza watoto wachanga nchini Uganda, akaona kwamba amwaminiye mama yake ndiye athubutuye kutambaa mbali naye. Imani hiyo, au upungufu wake, huweza kuingia naye katika ndoa.

Enyi wazazi wa Kibaha na Kisarawe, kungwi humfunda mwari kwa muda. Nyinyi mwamfunda tangu kuzaliwa. Nawe mume ambaye mkeo huhofia kuachwa kila uchelewapo, usimkemee: mpe habari, timiza ahadi. Kilichokosekana utotoni chaweza kujengwa ndani ya ndoa.

Wabillahi tawfiq.